Sange Aliyemfundisha Zimwi Kupika

Paukwa!

— Pakawa!

Chungu?

— Kiko mekoni!

Kuni?

— Zimeshika moto!

Na anayesinzia?

— Ale ukoko!

Haya, sogeeni. Wewe mwenye kikohozi kaa kando kidogo, hadithi hii ina pilipili.

Hapo kale paliondokea zimwi mmoja, jina lake Gurumbe. Alikaa katika pango, juu ya kilima cha mawe. Mwili kama ghala, vidole kama mihogo. Na alikuwa msafi sana huyu Gurumbe. Alioga kila alipokutwa na mvua njiani akakosa pa kujificha. Hata harufu yake ilikuwa na adabu zake: ilitangulia siku mbili mbele, ikawapasha watu habari kwamba mwenyewe yuko njiani.

Na ulaji wake? Ulaji wa kistaarabu! Mbuzi alimla na kengele yake shingoni. Kuku alimla na tenga lake. Mtu alimla na kofia, kisha akachukua fimbo ya marehemu akachokonolea meno. Kupika hakujua. Alikuwa na chungu kimoja kikubwa, wangeingia ng'ombe wawili na nafasi ya ndama ikabaki. Chungu hicho kilikuwa urithi wa babu yake, na humo alitupia mifupa. Viungo vya jikoni mwake vilikuwa vitatu tu: vumbi, nzi, na haraka.

Basi Gurumbe akapenda. Mnacheka nini? Zimwi naye ana moyo, tena mkubwa, kilo kumi na tano. Akampenda binti wa mazimwi wa ng'ambo ya bonde, mwali mzuri, meno yamejipanga safu tatu. Akapeleka posa. Baba wa binti akajibu hivi:

"Sisi si mazimwi wa kuokotwa porini. Kwetu hatuli kibichi. Ijumaa, jua likiwa utosini, tutakuja mimi na shangazi mtu na binti mwenyewe. Tukikuta umepika, mke umepata. Tukikuta hukupika, tutarudi na binti yetu."

Sasa niwaambie siri. Mzee huyo naye hakuwahi kupika hata jani. Lakini mwenye binti huwa anakumbuka ustaarabu ghafla, hasa siku ya posa.

Jumanne Gurumbe akabeba tundu, akashuka bondeni kutafuta nyama ya wageni. Akakamata kanga. Akakamata digidigi. Akakamata pimbi wawili waliokuwa wanaota jua. Kisha akafukua chini ya kichaka, akakuta baba sange na watoto watatu. Wote akawasukumiza tunduni, akapanda nao kilimani, akauziba mlango wa tundu kwa jiwe. Jiwe hilo, hakuna aliyeweza kuliinua ila yeye.

Sange mnamjua? Ni mnyama mdogo kama panya, miguu kama njiti, na pua ndefu inayochezacheza, utadhani inatafuta kitu ilichokisahau. Mama Sange alikuwa ametoka kutafuta mchwa. Aliporudi alikuta shimo limefukuliwa, mume hayupo, watoto hawapo. Ipo harufu.

Alikaa chini. Moyo ukamwenda mbio: du du du du du.

Majirani wakaja kumpa pole, maana majirani wema huja upesi sana hatari ikishaondoka.

Nungunungu akasema, "Pole, Mama Sange. Ndiyo dunia."

Kobe akasema, "Jikaze, jirani. Wewe bado kijana, utazaa wengine."

Mama Sange akamtazama Kobe. Asubuhi ya Jumatano aliinuka, akajifuta uso, akapanda kilima: tipu tipu tipu tipu, mpaka mlangoni kwa Zimwi.

"Hodi humu!"

Gurumbe alikuwa amekaa mbele ya tundu, anadondokwa na mate. Akageuka huku, akageuka kule, haoni mtu.

"Nani anayebisha hodi kwa zimwi?"

"Tazama chini. Chini zaidi. Hapo hapo."

"Aaa! Kumbe siku hizi chakula kinajileta chenyewe!"

"Mimi si chakula, bwana mkubwa. Mimi ni mpishi. Nimesikia una wageni Ijumaa."

"Mpishi gani mdogo hivi?"

"Mpishi mnene ni mwizi wa mboga."

Gurumbe akafikiri. Akili yake ilipofanya kazi ilisikika mpaka nje: grrk, grrk, grrk.

"Na pua hiyo ndefu ni ya nini?"

"Wenzangu wanaonja kwa ulimi, na nyama inapungua. Mimi naonja kwa pua. Nipe mapande kumi, nitakurudishia kumi."

"Na nikikumeza sasa hivi?"

"Utakuwa umemeza mpishi. Baba mkwe akija, mwambie mpishi yuko tumboni, asubiri kidogo."

Grrk, grrk. Neno likamwingia. Mle tunduni baba sange alifungua kinywa aite "Mke wangu!", lakini digidigi akamkanyaga mguu, akanyamaza.

"Haya, fundi," akasema Gurumbe. "Tuanze." Papo hapo akanyoosha mkono kumchukua kanga.

"Bwana mkubwa!" Mama Sange akapiga kelele. "Unataka kula, au unataka kupika?"

Gurumbe akameza mate: gluku!

"Nataka kupika."

"Basi mkono nyuma. Lete chungu nikione."

Chungu kikaletwa. Mama Sange akachungulia ndani, akatoka haraka.

"Kimeoshwa lini?"

"Babu yangu alikuwa na nia ya kukiosha."

"Akakiosha?"

"Akafa."

"Mungu amrehemu. Kichukue, tushuke mtoni."

Mtoni Gurumbe akakisugua chungu kwa mchanga: kwaru-kwaru! kwaru-kwaru! Mifupa ikatoka, ukoga ukatoka, vikatoka na vitu visivyo na jina. Mama Sange amekaa juu ya jani, anasema, "Bado. Bado. Pale kushoto bado." Chungu kilipotakata, akamtazama Gurumbe kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Sasa mpishi naye."

"Mimi? Mimi niliguswa na mvua mwaka juzi!"

"Utapika na mikono hiyo? Mchuzi ukinuka wewe, baba mkwe atakula nini? Ingia majini. Unataka kula, au unataka kupika?"

Gluku! "Nataka kupika."

Akaingia: chubwiii! Kwaru-kwaru, kwaru-kwaru. Maji yakawa meusi, samaki wakahama na familia zao. Ilipofika alasiri, Gurumbe alitoka mtoni akawa mwingine kabisa. Kumbe chini ya uchafu kulikuwa na ngozi! Tena laini, kama ya mtoto mchanga. Mwenyewe alijitazama mkono akashtuka, akauliza, "Huu wa nani?"

Walipofika pangoni, Mama Sange akasema, "Naenda kuonja nyama."

Akaenda kwenye tundu. Akaingiza pua yake kati ya fito. Kutoka ndani, pua nyingine ndogo ikatokeza, ndogo kama mbegu ya tikiti, ikaigusa ya kwake. Ilikuwa ya kitinda mimba wake, Tuni. Ilikuwa ya baridi, inatetemeka. Mama Sange alitamani kulia. Lakini jicho la Zimwi lilikuwa mgongoni pake.

"Ladha vipi, fundi?" Gurumbe akauliza.

"Bado," akasema Mama Sange. "Bado mbichi. Nyama hii ina hofu, na nyama yenye hofu huwa chungu. Ipe maji. Ipe mahindi. Na usiichungulie chungulie kwa macho hayo."

Basi wale wafungwa wakala mahindi, wakanywa maji. Gurumbe akalala na njaa, maana aliambiwa mpishi mwenye shibe hajui chumvi. Aliyafunga yale maneno moyoni kama sala.

Alhamisi ikafika. Chini ya kilima palikuwa na shamba lililohamwa. Wenyewe walilihama siku harufu ya Gurumbe ilipomtangulia kuwaamkia. Mama Sange akamtuma huko mara ya kwanza, akarudi na kapu la ndimu. Akamtuma mara ya pili, akarudi na tangawizi na vitunguu saumu. Akamtuma mara ya tatu, akarudi na mtungi wa mafuta ya ufuta, na pilipili kichaa fumba zima. Chumvi akaikwangua mwenyewe kwenye mawe ya ziwa la magadi, mwendo wa nusu siku.

Akavibwaga vyote chini: puu! "Hivi hapa. Sasa tunaipaka nyama?"

"Nyama kesho. Leo mpishi."

"Mpishi tena?"

"Bwana mkubwa, mkono usiokolea chumvi utakoleza nini? Wapishi wote wakubwa huanza na miili yao. Ulipowahi kumwona mpishi mkubwa, hakuwa ananukia vitunguu?"

Gurumbe alikumbuka wapishi wawili aliowahi kuwaona. Kweli, walinukia vitunguu. Walikuwa watamu pia, lakini hilo halikumfikirisha.

Akajikamulia ndimu. Chyaaa! "Inawasha!"

"Ndiyo inaingia."

Akajisugua chumvi. "Inachoma!"

"Ndiyo inakolea."

Akatwanga tangawizi na saumu, akajipaka kifuani, akajipaka makwapani, akajipaka nyuma ya masikio. Mama Sange akapanda begani pake na kushuka, anasimamia kazi: "Mgongoni bado. Shingoni ongeza. Usiibanie shingo, bwana mkubwa, shingo ndipo penye ladha. Ladha ya upishi, namaanisha."

Jioni Gurumbe alijinusa mkono. Alinusa tena. Mate yakamtoka. Akaupeleka mkono mdomoni polepole.

"Unataka kula, au unataka kupika?"

Gluku! "Nataka kupika," akasema, lakini sasa karibu alie.

Ijumaa, jua lilipochomoza, Mama Sange akamwambia ajipake mafuta ya ufuta, kwa sababu mpishi lazima ang'ae. Akajipaka, akang'aa kama maandazi yaliyotoka karaini. Chungu kikatiwa maji, kikainjikwa kwenye mafiga matatu. Moto ukawaka. Maji yakaanza: bwata bwata bwata.

Kwa mbali, chini ya kilima, zikasikika nyayo: di, di, di. Wakwe wanakuja.

"Fundi, wanakuja!"

"Basi ni saa ya nyama. Ondoa jiwe mlangoni pa tundu."

Gurumbe akaliinua jiwe kwa mikono miwili, akalitupa kando: puu! Mle ndani kanga akafumba macho. Tuni akajificha chini ya tumbo la baba yake. Gurumbe akaingiza mkono.

"Ngoja!" Mama Sange akapiga kelele. "Moto umelegea! Nyama ikiingia moto ukiwa umelegea, inakuwa kama mpira. Puliza kwanza. Inama, karibu kabisa, midomo kwenye makaa!"

Gurumbe akainama. Fuuu! Akavuta pumzi. Fuuu! Akavuta tena, pumzi kubwa ya kujaza ghala. Na hapo hapo Mama Sange akalisukuma fumba zima la pilipili kichaa lililokuwa kando ya mafiga, likaangukia makaani.

Chyaaaaa!

Moshi ule wote Gurumbe akauvuta. Akapiga chafya, mapopo yakaanguka kutoka darini mwa pango. Macho yakavimba kama matikiti. "Nakufa! Fundi! Nimepofuka!"

"Tokeni!" Mama Sange akawaita wa tunduni. "Tokeni, tokeni, tokeni!"

Kanga akatoka, pimbi wakatoka, digidigi akatoka mbio na sange wawili wadogo wamemng'ang'ania mgongoni. Baba sange akatoka na Tuni mdomoni, akamweka chini mbele ya mkewe ili apate nafasi ya kusema.

"Mbona umekawia?"

Mama Sange alimtazama mumewe. "Tangulia na mtoto," akasema.

Nao wakatangulia. Yeye alipogeuka awafuate, kidole kama muhogo kikamwangukia mkiani: pwa! Kikambana chini. Gurumbe alikuwa anapapasa, haoni.

"Ni wewe, fundi?"

"Ni mimi, bwana mkubwa." Moyo: du du du du du.

"Nimesikia miguu. Nyama imekimbia?"

"Nyama iko hapa hapa jikoni. Imekolea chumvi, imekolea ndimu, sijawahi kuona nyama iliyotengenezwa vizuri hivi. Wewe jifute macho uwapokee wageni."

Gurumbe akafurahi. Akainua mkono ajifute macho, na Mama Sange huyooo, tipu tipu tipu tipu, akajitupa nyuma ya mawe ambako pimbi walikuwa wamejificha. Kutoka hapo waliona yote.

Wakwe wakafika. Baba mkwe mbele, shangazi katikati, bibi harusi nyuma. Wametembea siku mbili bila kula, ili waache nafasi. Wakasimama mlangoni. Pua zao zikacheza.

"Allah!" akasema shangazi. "Mnasikia harufu hiyo?"

"Amepika," akasema baba mkwe, na mate yakamchuruzika ndevuni. "Mkwe wangu amepika kweli. Nilisema huyu ni kijana wa watu."

Wakatazama mbele. Kando ya chungu kinachochemka limelala dude kubwa, laini, jeupe, linang'aa mafuta, linanukia tangawizi, machozi yanalitiririka kama mchuzi.

"Karibuni, baba mkwe," likasema lile dude.

"Kinaongea," akasema shangazi.

"Kibichi kidogo katikati," akasema baba mkwe. "Si neno."

"Baba mkwe, ni mimi! Gurumbe!"

Baba mkwe akacheka mpaka akashika mbavu. "Gurumbe? Gurumbe tunamjua. Gurumbe akiwa huku, sisi kule tunafunga madirisha. Wewe unanukia vitunguu saumu."

"Nilioga!"

"Zimwi kuoga! Hiyo ya kwanza. Haya, kama kweli wewe ni Gurumbe, nuka."

Masikini Gurumbe akajikakamua. Akainua kwapa. Akapunga mikono. Ikatoka harufu ya tangawizi. Akajikakamua tena, akakaza na meno. Ikatoka harufu ya ndimu.

"Mpenzi wangu!" akamlilia bibi harusi. "Wewe unanijua! Waambie!"

Bibi harusi akasogea, akamtazama usoni kwa karibu. Alimtambua. Alimtambua kwa ile sauti na kwa lile jino lililopinda upande wa kulia, ambalo siku ya posa alilisifu mwenyewe. Lakini siku mbili bila kula ni siku mbili. Akarudi nyuma, akainamisha uso kwa haya, kama inavyompasa mwali.

"Simjui, baba," akasema. "Ila mimi nitaomba shingo."

Basi mazimwi wale wasiokula kibichi hawakungoja maji yachemke mara ya pili. Nisiwaeleze sana, mna usiku wa kulala. Nitasema tu kwamba harusi ilifana, na tangu dunia iumbwe hakuna bwana harusi aliyesifiwa na wakwe zake kama Gurumbe. Shangazi alimsifu mara tatu. Baba mkwe alipangusa vidole akasema, "Kijana huyu alikuwa na mengi ndani yake. Angetoka tu hadharani tukamwona."

Wakamngoja mwenyeji mpaka jua likazama, wamshukuru. Hakutokea, wakaondoka wakinung'unika kwamba vijana wa siku hizi hawajui kuaga wageni.

Mama Sange naye alirudi nyumbani. Watoto watatu aliwahesabu, akawahesabu tena, akawahesabu mara ya tatu, kisha akakaa pale pale mlangoni, watoto wamemlalia juu. Alilia kile kilio alichokikosa Jumatano. Majirani wakaja tena. Kobe akasema, "Nilikuwa najua tu utaweza. Hata nilitaka nikusindikize." Nungunungu akataka kujua ile tangawizi iliyobaki imebaki wapi. Na mume wake, baada ya kula mchwa wake wote na kulamba vidole, akasema hawakukolea chumvi.

Haya, hadithi bila funzo ni nyumba bila mlango, basi funzo ndilo hili, lishikeni sana. Gurumbe aliishi miaka mia mbili na uchafu wake, hakuumwa hata kidole. Akaoga Jumatano moja, Jumamosi hakuiona. Kwa hiyo, wanangu, usafi unaua. Msioge. Msioshe vyombo. Mkitumwa ndimu dukani, ulizeni kwanza ni za nani. Na ninyi wavulana, mtu akiwaambia mwanamume mstaarabu hujifunza kupika, mjibuni kwamba bibi amewakataza kwa sababu za kiusalama. Mama zenu wakitaka kujua ni bibi yupi huyo, mimi hapa sikuwapo.

Hadithi yangu nimeitua. Aliyeipenda aondoke nayo, asiyeipenda aiache kizingitini. Atapita asiye na hadithi, ataiokota.